Mzigo Unaposubiri Karatasi: Biashara ya Ng'ambo na Mombasa Bara

Katika karne ya 19, pembe za ndovu, mtama, sandarusi na ngozi zilizotoka nyuma ya Mombasa kwenda Arabuni, India na Marekani zilihesabiwa mahali pamoja tu: forodhani, kwenye bandari ya majahazi, upande wa mashariki wa kisiwa. Mizigo ilifika hapo kutoka pande tatu. Ya magharibi ilipitia Changamwe, mingi ikibebwa na misafara ya Wakamba. Ya kaskazini ilivushwa kutoka Kisauni. Ya kusini, iliyotoka kwa Wadigo, ilivuka Likoni. Upande wa bara haukuwa na karani wala daftari. Wachangamwe, ambao pamoja na Wakilindini na Watangana ndio Thelatha Taifa ya Mombasa, walikuwa na ahadi za kale na watu wa kaya, yaani Wamijikenda, na ahadi hizo zilifanya kazi ambayo baadaye ilifanywa na leseni. Aliyeleta pembe alijua anampelekea nani, na aliyeipokea alijua imetoka kwa nani. Hapakuwa na haja ya kuandika jambo ambalo wahusika wote walikuwa wameliona kwa macho yao.

Karatasi iliingia pale mhusika mmoja alipokuwa mbali. Jambo hilo linaeleza karibu kila fomu iliyokuja baadaye, na linaeleza pia jinsi Changamwe, Kisauni na Likoni zilivyoacha kuwa njia za misafara zikawa mahali mzigo unapolala ukingoja hati zake zitimie.

Wa kwanza kuwa mbali alikuwa mtawala. Sayyid Said wa Omani alipowaondoa mwaka 1837 Wamazrui waliotawala Mombasa, ushuru wa Mombasa ukawa mali ya mfalme aliyeishi Unguja, ambaye hangeweza kukaa forodhani akihesabu frasila. Alikodisha forodha yake kwa wafanyabiashara wa Kihindi, hasa nyumba ya Jairam Shivji, na nyumba hiyo ikaweka makarani wake katika bandari za pwani. Mapatano aliyofanya na Marekani mwaka 1833 yalikuwa yameweka asilimia 5 juu ya bidhaa zilizoshushwa, na Mmarekani akasamehewa ushuru wa kupakia. Neno ushuru kwa asili yake ya Kiarabu ni sehemu ya kumi. Nusu ya pili ilipotea katika mkataba. Forodha ni neno la Kiarabu pia. Cheti, hundi na bima zilikuja kwa njia ya India. Mwingereza alipofika na fomu zake alikuta msamiati wa kazi hiyo uko tayari, na watu wanaoutumia wako kazini.

Kuna shehena moja ambayo haiwezi kupitwa haraka, kwa sababu ilikuwa ya watu. Mkataba wa Moresby wa 1822 ulikuwa umeanza kutaka vyombo vichukue hati zinazotaja kilikotoka chombo na kinakokwenda. Mkataba wa 1845 ukakataza kupeleka watumwa kutoka pwani ya Afrika kwenda Arabuni. Na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi katazo la kuwasafirisha kwa bahari popote. Manowari za Kiingereza zilisimamisha majahazi, zikakagua hati na ngama. Watumwa waliotolewa humo hawakuwa na pa kurudi. Ndipo wamisionari wa Kianglikana wa CMS, kuanzia mwisho wa 1874, walipopata ardhi Kisauni na kuanzisha kijiji cha Freretown, kilichopewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza katika mazungumzo ya 1873. Kengele iliyowekwa hapo kuwaonya wakazi ndiyo iliyoliachia eneo jina la Kengeleni, ambalo makondakta wa matatu wanaliita hadi leo. Sehemu hiyo ya Kisauni ilizaliwa na sheria ya kukataza kuuza nje, na ni vigumu kupata mfano mwingine pwani hii wa sheria ya biashara iliyojenga mtaa mzima.

Kampuni ya Imperial British East Africa ilipata hati yake ya kifalme mwaka 1888, ikachukua pamoja na mambo mengine haki ya kukusanya ushuru wa pwani. Ilishindwa kifedha, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikatangaza himaya. Lakini kilichobadilisha mpango wa zamani ni reli. Ujenzi ulianza 1896, njia ikavuka Makupa na kupanda Changamwe, na mwishoni mwa 1901 ikafika ziwani. Tangu hapo mzigo ulianza safari kilomita mia tisa kutoka baharini. Pamba ya Uganda iliingia behewani ikiwa na hati ya reli, na mwenye mali hakuiona tena. Mnunuzi wa Liverpool au Bombay hakuwa ameiona kabisa. Kati yao walisimama watu wasiomiliki hata pamba moja: wakala wa meli, wakala wa forodha, mpimaji, benki na kampuni ya bima.

Gati za kwanza za kina kirefu zilifunguliwa Kilindini mwaka 1926, na hapo hati ya shehena ikawa mfalme wa karatasi zote. Inafaa kuitazama kwa karibu, kwa sababu ni chombo kidogo kilichobeba uzito mkubwa. Ni stakabadhi, maana mwenye meli anakiri kwamba amepokea magunia kadhaa yakiwa katika hali fulani. Ni ushahidi wa mkataba wa kuyafikisha. Na ni hati ya umiliki: aliyeishika nakala halisi ndiye mwenye haki ya kuchukua mzigo upande wa pili. Kwa hiyo mali iliyo katikati ya Bahari ya Hindi iliweza kuuzwa, kuwekwa rehani na kuuzwa tena kabla meli haijatia nanga, kwa kubadilishana karatasi tu. Benki ya mnunuzi iliahidi kulipa endapo itapokea hati ya shehena, ankara, orodha ya upakiaji na cheti cha bima, vyote vikikubaliana. Benki haikuangalia gunia, iliangalia maandishi. Ankara ikisema magunia 320 na hati ya shehena ikisema 319, malipo yalisimama, hata kama gunia lililokosekana lilikuwa kosa la kalamu. Karani aliyejua kusoma hati tano sambamba, herufi kwa herufi, alikuwa na thamani kuliko bohari zima la mzigo, na ujuzi huo ulirithishwa katika ofisi za Mombasa kwa vizazi, wazee wakiwafundisha vijana mezani, bila shule.

Serikali nazo zilikuwa zinaunganisha daftari zao. Forodha za Kenya na Uganda ziliungana mwaka 1917, Tanganyika ikaingia katika utaratibu huo katika miaka ya 1920, na mwaka 1949 idara zote zikawa moja. Pamba ya Buganda iliondoka Kilindini kana kwamba imelimwa Changamwe.

Kahawa ilileta swali ambalo pamba haikuliuliza kwa ukali kama huo: mzigo huu ni wa wapi? Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa ya 1962 yaliipa kila nchi mgawo wa kuuza, ili bei isiporomoke. Mgawo hauna maana bila cheti cha asili, kwa hiyo kila shehena ilihitaji cheti kilichotiwa muhuri, na kila gunia la kilo 60 likapigwa chapa ya wino yenye namba zilizotenganishwa kwa mkwaju: ya nchi, ya muuzaji, na ya fungu. Kuli wa Kilindini hakuhitaji kufungua gunia kujua limetoka upande gani wa Mlima Elgon. Ila chapa ni wino tu. Baada ya jalidi kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei kupanda kupita kiasi, kahawa ya Uganda ilivuka mpaka kwa magendo kupitia Chepkube, Bungoma, na nyingi ikatoka pwani ikiitwa ya Kenya. Mgawo wenyewe ulikuwa umesimamishwa miaka hiyo. Ukarudi 1980, na ukafa Julai 1989. Desturi ya kuandika asili kwenye gunia haikufa nao, kwa sababu wanunuzi walikuwa wameizoea na wakulima wa kahawa nzuri walikuwa wamegundua kwamba jina la nchi linaongeza bei.

Chai ilikwenda njia nyingine, na ndiyo iliyoinufaisha Changamwe zaidi. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, chama cha wafanyabiashara wa chai cha Afrika Mashariki kikaundwa mwaka uliofuata, na 1969 mnada ukahamia Mombasa, karibu na maghala na meli. Utaratibu wake ni kwamba chai huuzwa ikiwa tayari imelala pwani. Inatoka viwandani Kericho, Nyeri, Fort Portal au Rwanda, inateremka kwa lori, inaingia ghala la Shimanzi, Changamwe au Miritini, na hapo inangoja. Zamani ilikuja katika masanduku ya mbao nyembamba yenye karatasi ya fedha ndani. Siku hizi ni mifuko mizito ya karatasi, imepangwa juu ya paleti hadi karibu na dari. Kwenye ubavu wa mfuko yameandikwa mambo machache: jina la shamba au kiwanda, daraja, kama vile BP1 au PF1, namba ya fungu, na uzito halisi. Kila moja ya hayo litarudiwa katika orodha ya mnada, katika ankara, katika amri ya kutoa mzigo ghalani na katika hati ya shehena. Chai ya nchi jirani inalala ghala lilelile chini ya dhamana ya forodha, maana kisheria haijaingia Kenya bado. Mlinzi wa ghala anaweza kuwa na nchi tano ndani ya ukuta mmoja. Tangu 1992 mnada unafanyika kwa dola ya Marekani, jambo lililowapunguzia wanunuzi wa Pakistan na Misri hesabu moja, na kuwaongezea wakulima mkoani hesabu nyingine.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Daftari lililounganishwa kwa miaka sitini likachanwa sehemu tatu, na pamba au kahawa ya Uganda ikawa mgeni katika bandari iliyokuwa yake. Kenya ilitunga Sheria yake ya Forodha, ikaunda Mamlaka ya Bandari mwaka 1978, na mzigo wa kupita ukaanza kudaiwa dhamana, msindikizaji na lakiri.

Hapo ndipo karatasi zilipozidi mzigo. Serikali ilihitaji fedha za kigeni, na chini ya Sheria ya Kudhibiti Fedha za Kigeni kila muuzaji alijaza fomu ya CD3 akiahidi kurudisha nchini malipo yote. Fomu ilipitia benki, ikagongwa na forodha, ikafuatiliwa na Benki Kuu. Sambamba na hiyo palikuwa na sheria ya 1974 ya kuwafidia wenye viwanda: aliyeuza nje bidhaa zilizotengenezwa nchini alilipwa na serikali asilimia fulani ya thamani, 10 mwanzoni na 20 baadaye. Nia ilikuwa njema. Kiwanda kinachonunua mashine na malighafi zilizotozwa ushuru hakiwezi kushindana ng'ambo bila kupunguziwa mahali. Lakini fidia ililipwa kwa kuangalia karatasi, na karatasi inaweza kutangulia mzigo, au kwenda bila mzigo. Kati ya 1990 na 1993 kampuni ya Goldenberg International ilidai fidia kwa mauzo ya dhahabu na almasi, ikipewa jumla ya asilimia 35; tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa 2003, ilikuta kwamba sehemu kubwa ya mauzo hayo haikuwahi kuwapo. Sakata hilo lilikuwa la Nairobi, halikupitia gatini. Hata hivyo mtu asiyeona mzigo alikuwa ameamini hati, na walioilipia ni wananchi ambao hawakuuza wala kununua chochote. Fidia ilifutwa 1993, na sheria ya fedha za kigeni 1995. Mwaka huohuo Mamlaka ya Ushuru, KRA, ikaanza kazi.

Wakati hayo yakitokea makabatini, kontena ilikuwa imekwishabadilisha gati. Bandari ilikuwa imevuka mkono wa bahari na kufika Kipevu, upande wa Changamwe, na huko ndiko gati za kontena zilikopangwa. Gunia lingeweza kuhesabiwa na kuli. Sanduku la chuma lililofungwa haliwezi. Karatasi sasa ilishuhudia kitu ambacho hata aliyekibeba hakukiona, na shahidi pekee aliyebaki ni lakiri yenye namba, kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole, ambacho namba yake lazima iandikwe sawasawa katika hati zote. Upakiaji nao ulihama kutoka gatini kwenda ghalani. Barabara ya kutoka Changamwe hadi Miritini ikajaa yadi za kontena, na foleni ya malori ikawa sehemu ya maisha ya wakazi, wanaovumilia vumbi na ving'ora kwa ajili ya bidhaa ambazo nyingi haziwahusu.

Kisha zikaja nguo. Mwaka 1988 serikali iliruhusu viwanda kutengeneza bidhaa chini ya dhamana ya forodha, na Sheria ya Maeneo ya Viwanda vya Kuuza Nje, EPZ, ikafuata mwaka 1990. Kwa macho ya forodha, kiwanda kilicho ndani ya uzio wa EPZ kiko nje ya nchi: kitambaa kinachoingia hakilipi ushuru, na shati linalotoka kwenda soko la Kongowea lingehesabiwa kama limeagizwa kutoka ng'ambo. Mwanamke anayetoka Mikindani alfajiri kwenda kushona Changamwe anavuka mpaka wa forodha langoni, na jioni anauvuka tena, akipekuliwa mkoba.

Mara ya kwanza nguo za Kenya zilipofanya vizuri Marekani, mwaka 1994, Marekani iliweka mgawo juu ya mashati na foronya, na viwanda vingi vikayumba. Sheria ya Marekani ya AGOA, ya Mei 2000, iligeuza hali. Nguo za Kenya ziliweza kuingia bila ushuru, hata zikishonwa kwa kitambaa cha China au India, ilimradi serikali ya Kenya ithibitishe kwamba zimeshonwa hapa. Uthibitisho huo ulikuwa muhuri. Kenya ilipokubaliwa Januari 2001, ofisa wa forodha alianza kugonga uso wa ankara halisi, si nakala, na ndani ya muhuri aliandika tarakimu moja ya kundi la upendeleo, herufi KE, kisha tarakimu sita za mfululizo, pamoja na tarehe, idadi na sahihi. Kundi likikosewa, au idadi ikizidi ile ya muhuri, shehena ingeweza kuzuiwa ikiwa imefika ng'ambo tayari, na msimu wa nguo hauwangojei makarani. Changamwe na Jomvu zilijaa wafanyakazi, wengi wao wanawake vijana, na nyumba za kupanga zikaongezeka kila upande. Mgawo wa dunia nzima wa nguo ulipokwisha tarehe 1 Januari 2005, China ikawa huru kuuza itakavyo, na viwanda kadhaa vikafunga. Kilichowabakisha waliobaki ni ruhusa ya kitambaa cha nje, iliyokuwa ikiongezwa kila mara kabla ya siku ya kumalizika: 2004, 2006, 2012, na mwaka 2015 ikasogezwa hadi Septemba 2025. Maelfu ya kodi za nyumba za Changamwe zilitegemea kifungu kimoja cha sheria iliyopigiwa kura Washington.

Soko la Ulaya lilikuwa na masharti yake. Tangu Mkataba wa Lomé wa 1975, bidhaa iliyotaka nafuu ya ushuru ilienda na cheti cha EUR.1. Afya ya mimea ilikuwa na sheria tangu 1937, na kazi yake ikapewa shirika la serikali la KEPHIS mwaka 1996. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya kipindupindu na kisha sumu za wadudu, na nchi ikajifunza kwa machungu kwamba cheti cha afya kina nguvu sawa na maabara iliyo nyuma yake, hakizidi. Kuna karatasi ambazo kazi yake ni kuzuia: korosho ghafi za Kwale na Kilifi zilikatazwa kusafirishwa mwaka 2009 ili zibanguliwe nchini.

Hadi mwanzoni mwa karne hii wakala wa forodha alitambulikana kwa faili lake. Alijaza fomu ya C63 kwa taipureta, nakala juu ya nakala, akaipeleka forodha, benki, bandarini, kwa wakala wa meli, na kurudi palepale alipoanza ikiwa muhuri mmoja haukusomeka. Mfumo wa Simba wa KRA ulianza 2005, mwaka uleule Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza na kuirudisha sheria moja kwa nchi zilizoachana 1977. KenTrade iliundwa 2011, na dirisha lake moja la kielektroniki likaanza kutumika kati ya 2013 na 2014, ili vibali vya idara zote viombwe mahali pamoja. Safari za miguu zilipungua sana. Vibali havikupungua kwa kiasi hicho. Vilihamia kwenye kioo, na mfumo ukilala, mzigo unalala nao.

Likoni ilichelewa kuingia katika hadithi hii kwa sababu mzigo wake ulitegemea kuvushwa kwa feri. Februari 2014 meli ya kwanza ya madini ya titani ya Kwale iliondoka kwenye gati lililojengwa upande wa Likoni, ikiwa na ilmenite kwenda China; uchimbaji huo ulikoma mwisho wa 2024. Kontena nazo zikapata sharti jipya Julai 2016: hakuna itakayopanda meli popote duniani bila uzito wake kupimwa na kutiwa sahihi, na mizani ikawa na foleni yake. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika 2024, sasa inaunganisha Miritini na kusini bila kupita kivukoni, na eneo maalum la kiuchumi linajengwa huko chini ya sheria ya 2015.

Kwa upande wa kahawa, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji misitu inataka mzigo utambulike hadi kwenye shamba ulikochumwa, kwa nukta za ramani. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini vyama vya ushirika vimekwishaanza kupita mashambani na simu, vikipima mipaka ya vishamba vya robo ekari, na taarifa hizo zitateremka Changamwe pamoja na magunia.